Macho Kumi na Moja ya Mtufaha

Zheleva Reka, 5 Agosti 1962

Mjomba wangu mpendwa Tsvetko,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ingawa wa kulia una wino na wa kushoto una nyanya. Rangel anakusalimu. Mama mkwe wangu, Mama Gana, anakusalimu pia na anauliza kama huko hospitali ya mapafu mnapewa supu ya maana au maji ya kuoshea sufuria. Sisi ni wazima. Mimi ni zaidi ya mzima, mjomba. Mimi ni mke wa mtu!

Ulikosa harusi, na kila mtu alikutaja. Nilipofika getini kwako, sasa getini kwetu, waliniwekea ile ndoo ya shaba yenye maji na maua niipige teke, kama desturi. Niliipiga kwa nguvu mpaka kiatu kikatoka! Maji yakakimbia moja kwa moja hadi kwenye shina la mtufaha wa Bibi Nedelya, na wanawake wakapiga kelele kwamba nitakuwa na bahati. Rangel akaenda kukitafuta kiatu, akarudi nacho amekishika kama kifaranga. Mjomba, mtu huyu! Asubuhi anaamka kabla yangu ili aweke maji ya kunawa yapate joto. Akichimba viazi ananiletea kilichofanana na moyo. Mama Gana anasema, "Subiri mwaka mmoja, atakuletea kilichooza." Simsikilizi.

Bustani uliyotuachia imezaa kama inajua. Vitunguu nimevisuka, vimening'inia barazani. Maharage yanakauka kwenye fito. Wiki ijayo tutachoma pilipili hoho kwa ajili ya mitungi ya majira ya baridi, na kijiji kizima kitanuka moshi mtamu. Nakuandikia hivi ili uone kwamba hatujakaa tukilia, maana najua habari imekufikia. Ndiyo, ni kweli. Bwawa litajazwa mwakani majani yakianza kuchipua, na kijiji chetu kitakuwa chini ya maji. Kufikia Novemba sote tuwe tumehamia juu, kwenye viwanja vipya kule mlimani. Rangel amekwisha jenga kuta za chumba kimoja. Vuli iliyopita alipanda huko miche kumi na mmoja ya mtufaha wa mwitu aliyoing'oa msituni, akitaka iwe uzio.

Mjomba, kila kitu kinaweza kubebwa kwenye mkokoteni isipokuwa mtufaha. Nimeuliza kijiji kizima: hakuna mwingine wa aina ile. Tufaha gumu kama jiwe mwezi wa kumi, ukililaza darini kwenye nyasi kavu, ifikapo Januari linanukia nyumba nzima. Mama aliniambia kwamba Bibi Nedelya aliubebesha mwenyewe, jicho lake juu ya mche wa mwitu, akiwa na mimba yako. Wewe peke yako ndiye unayejua kazi hiyo. Nifundishe kwa barua! Nataka siku ukirudi ulikute tufaha lako mezani kwangu.

Mpwa wako anayekupenda na mwenye furaha kuliko watu wote wa bondeni,
Zlatina

*

Hospitali ya mlimani, 12 Agosti 1962

Zlatinka, binti wa dada yangu,

Salamu zimefika, na harufu ya nyanya imefika nazo. Mwambie Gana kwamba supu ya hapa ni safi sana. Unaona mpaka maua yaliyochorwa chini ya sahani. Mimi naendelea. Nakohoa asubuhi, mchana napumzika ili nikohoe jioni. Kitanda cha pili yuko Haralan, dereva wa garimoshi, mtu mwema ila anapiga honi akiwa usingizini. Nilimsomea habari ya kiatu chako akacheka mpaka nesi akaja kutugombeza.

Kuhusu mama yangu na mtufaha, ni kweli. Sikuomba neno juu ya nyumba wala shamba. Nyumba ni mawe. Lakini mtufaha huo ningependa ubaki mahali fulani juu ya ardhi. Sitaki zaidi ya hilo, na sina la kusubiri lingine.

Sasa sikiliza, maana una siku chache. Hii ni kazi ya mwisho wa kiangazi. Baada ya katikati ya Septemba gome la mti linang'ang'ania, halifunguki tena. Ile miche ya mwitu ya Rangel ni zawadi, mwambie nambusu kwenye paji la uso.

Chagua vijiti vya mwaka huu, vilivyonyooka, unene wa penseli. Kata majani, lakini acha vikonyo vyake, viwe mpini wa kushikia. Kila penye kikonyo pana jicho, chipukizi dogo lililolala. Lichonge jicho pamoja na kipande cha gome, mfano wa ngao ndogo. Kwenye mche wa mwitu, karibu na ardhi, chora herufi T kwa ncha ya kisu. Fungua gome kama unavyomfungulia mtu kola ya shati, taratibu, usichane. Telezesha jicho ndani. Funga kwa uzi wa sufu, juu na chini, jicho lenyewe liache lione nje. Usiongee na mtu wakati kisu kiko mkononi, hata na Rangel.

Baada ya wiki mbili gusa kikonyo. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Lililoshika litalala majira yote ya baridi. Usiliamshe. Mwezi wa tatu ukate mche wa mwitu juu yake, nalo litaamka.

Nesi amekuja na sindano, na ana haraka kuliko mimi.

Mjomba wako,
Tsvetko

*

Zheleva Reka, 24 Agosti 1962

Mjomba wangu wa dhahabu,

Salamu, salamu, salamu! Mama Gana ana jino linalouma, sisi wengine ni wazima. Mitungi arobaini ya pilipili iko tayari na nywele zangu bado zinanuka moshi. Rangel anasema hajawahi kulala karibu na kitu kinachonukia vizuri hivi. Samahani kukuandikia mambo haya, lakini nikiyameza nitapasuka.

Tumefanya! Barua yako ilifika Jumapili, na Jumatatu alfajiri nilikuwa chini ya mtufaha na kisu cha Rangel alichokinoa mpaka kikakata unywele. Ngazi ilikwisha pelekwa juu na mkokoteni wa kwanza. Nikataka kupanda mti, Rangel akanishika kiuno: "Mke wangu si paka." Nikasema, "Basi panda wewe." Akasema, "Mimi pia si paka." Na kwa kweli, mjomba, matawi ya juu ni ya kizee, mafupi, yamepinda kama vidole vya Mama Gana. Lakini pale chini, kando ya shina, palikuwa na vijiti vizuri ajabu vilivyochipua karibu na ardhi. Vimenyooka, vya mwaka huu, unene wa penseli kabisa, kama ulivyoniandikia! Nilikata vitano. Nilidhani Bibi Nedelya mwenyewe ameniandalia.

Vilinichoma, mjomba! Nilipokuwa nakata majani mwiba uliingia kwenye kidole changu cha pete. Damu ikatoka. Rangel akatupa koleo, akaja mbio, akakifyonza kidole changu amepiga magoti kwenye nyasi, na mimi nikasimama pale nikifikiri kwamba hata nikiishi miaka mia sitasahau. Mama Gana alikuwa kwenye uzio. "Kama mmemaliza kulana," akasema, "kabichi yangu inahitaji maji."

Tulivifunga vijiti kwenye kitambaa chenye unyevu, tukapanda mlimani. Nilifanya yote uliyosema. Sikuongea wakati kisu kiko mkononi, na Rangel anasema huo ulikuwa muujiza wa kwanza. Gome lilifunguka kama kola. Macho kumi na moja, miche kumi na mmoja! Nilifunga kwa sufu nyeupe iliyobaki kwenye soksi za harusi. Ukisimama mbali unaona miche imefungwa vidole kama mimi.

Sasa wacha maji yaje. Nasema hivyo bila kulia. Wacha yaje!

Anayekubusu mikono,
Zlatina

*

Hospitali ya mlimani, 27 Agosti 1962

Zlatinka,

Bado sijapata jibu lako, labda hata hujaanza, na ingekuwa vizuri usiwe umeanza. Salamu kwa wote. Haralan anakusalimu, ametolewa maji kifuani na sasa anajisifu kwa idadi ya chupa.

Kuna jambo sikulisema kwa sababu nesi alinikatiza, na pia kwa sababu kwangu ni kama kumwambia mtu afungue mdomo kabla ya kula. Tazama shina la mtufaha wetu. Kwenye urefu wa goti pana nundu, kama goti lenyewe. Hapo ndipo mama yangu alipobebesha. Juu ya nundu ni tufaha letu. Chini ya nundu ni mwitu, ule wa msituni aliokuwa ameutumia. Kila kinachochipua kutoka chini, hata kiwe kizuri namna gani, ni mwitu. Nao hupenda kuchipua, unapendeza macho, umenyooka. Usiuguse. Panda juu, chukua matawi ya kusini, hata kama ni mafupi.

Na kama una shaka: wetu hauna miiba. Ukichomwa, simama hapo hapo, uko mahali pasipofaa, kwenye mwitu.

Mti ungalipo, kwa hiyo hata ukikosea mara ya kwanza unaweza kurudia kabla gome halijafunga.

Tsvetko

*

Zheleva Reka, 6 Septemba 1962

Mjomba mpendwa,

Tunakusalimu sote. Mama Gana ameng'oa jino, analiweka mfukoni na kumwonyesha kila anayepita. Usishangae barua zikichelewa. Posta yetu ndiyo iliyohamishwa kwanza, na sasa barua zinakwenda mjini, zinarudi, zinakaa kwa mtu, zinapelekwa na mkokoteni wowote unaopita.

Nina habari mbili. Nitaanza na mbaya, uimeze haraka kama dawa.

Juzi walikuja watu wa kusafisha bonde, na misumeno. Tulikuwa tunajua watakuja, ila tulifikiri ni Oktoba. Wanasema chini ya maji hapatakiwi kubaki mti hata mmoja. Walianza na miti ya kando ya mto, kisha bustani zetu. Niliwaomba wauache wetu wiki chache tu, matufaha hayajaiva. Mkubwa wao, kijana mwenye masharubu mapya, akaniambia, "Dada, nikikuachia wewe, na huyu wa pili nimwachie, mwishowe maji yatanisubiri mimi?" Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kuukata. Walikusanya matawi yote ya kijiji kwenye lundo moja, wakayachoma siku ile ile. Moshi ulikuwa mtamu, mjomba, nisikufiche.

Nililia kidogo tu. Rangel aliokota matufaha mabichi yaliyomwagika, tukachagua yasiyo na jeraha, nimeyalaza kwenye nyasi kavu sandukuni. Labda yataiva, labda yatanywea.

Habari nzuri: jana tulipanda mlimani, nikagusa vikonyo. Kimoja baada ya kimoja. Mjomba, vyote vilidondoka! Vyote kumi na moja, vyenyewe, kama vinanisikia! Nilicheza horo, ngoma yetu ya duara, peke yangu kuzunguka mawe, na Rangel akapiga makofi, kisha akanishika mkono, tukawa horo ya watu wawili. Kwa hiyo walichokikata kule chini ni kuni tu. Mtufaha wa Bibi Nedelya umelala juu, umefungwa soksi zangu za harusi. Je, umewahi kusikia mtu aliyetoroka msumeno kwa njia nzuri kama hii?

Nakungoja uje uone.

Zlatina wako

*

Hospitali ya mlimani, 22 Septemba 1962

Mpwa wangu Zlatina,

Salamu kwako, kwa Rangel na kwa Gana na jino lake. Mimi ni vilevile.

Barua zako mbili, ya mwisho wa Agosti na ya Septemba, zimenifikia leo kwa pamoja, zimefungwa kwa uzi mmoja. Nimezisoma kwa mfululizo.

Umefanya kazi safi. Kushika kumi na moja kati ya kumi na moja si jambo dogo, mama yangu mwenyewe hakuwahi. Una mkono. Mkono huo utakufaa katika maisha yako kwa mambo mengi.

Kidole ukipake pombe kali kidogo, rakia. Mwambie Rangel ainywe iliyobaki.

Vitunguu saumu mpande kabla ardhi haijashika baridi. Mzikusanye mbao zote za uzio wa chini, huko juu ni mawe matupu na kuni ni mbali.

Haralan anauliza kwa nini nimegeukia ukuta. Nimemwambia nahesabu chupa zake.

Mjomba wako,
Tsvetko

*

Kiwanja cha juu, 28 Oktoba 1962

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumba mpya. Tuna paa. Tuna dirisha moja na nusu, nusu ni kioo cha gari. Juzi ilikuwa Sikukuu ya Mtakatifu Dimitar, tukachinja jogoo kwa ajili ya kizingiti, na Mama Gana akanung'unika kwamba jogoo alikuwa mwembamba kama nyumba yenyewe. Rangel anafanya kazi mpaka giza. Jana aliniletea jiwe lenye umbo la moyo, kwa kuwa viazi huku hakuna. Nimeliweka juu ya jiko.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba Agosti nimeipata. Ilinifikia siku mbili baada ya mimi kukuandikia habari ya misumeno. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Rangel akauliza, "Mjomba anasemaje?" Nikamwambia, "Anatusalimu."

Ya Septemba nayo nimeipata. Ahsante kwa maneno yako juu ya mkono wangu.

Nikuambie tulivyojiandaa. Kabichi ziko kwenye pipa na chumvi, na jiwe juu. Mashina ya nyanya tuliyang'oa na mizizi, tukayaning'iniza kichwa chini darini, bado yanatoa nyanya moja moja. Kitunguu saumu nimekipanda. Udongo wa huku ni haba, kwa hiyo tulibeba wa bustani yako ya chini kwenye magunia, mikokoteni saba, na nikaumwaga kuzunguka ile miche. Nimeifunga kila mmoja kwa matete ili sungura wasitafune, na Rangel amepaka chokaa mashina. Jirani ananicheka, anasema hata mtoto mchanga hafungwi hivyo. Nimemwambia hii si miche, huyu ni bibi yangu. Nilisema hivyo kwa sauti, Rangel alikuwa karibu.

Ninakutumia sanduku dogo. Ndani ya nyasi mna matufaha tisa. Ndiyo yaliyobaki bila kunywea. Yaweke mahali pa baridi mpaka Januari, usiyaguse kabla. Usinirudishie kitu. Na usiniulize kitu.

Nakubusu mkono,
Zlatina

*

Hospitali ya mlimani, 11 Februari 1963

Zlatina mpendwa,

Anayeandika ni Haralan wa kitanda cha pili, kwa kuwa mjomba wako kalamu imemshinda. Anasema niandike kwamba imemshinda kwa muda. Nimeandika.

Anakusalimu na mumeo na yule bibi wa jino. Anasema homa haiko tena. Mimi Haralan nasema iko. Anasema nisiongeze maneno yangu. Haya.

Anasema: matufaha yalifika. Aliyaweka nje ya dirisha hadi mwaka mpya, na alimtishia nesi kwa fimbo asiyaguse. Manane aligawa chumbani, kila mgonjwa kipande. Mwalimu mmoja wa kitanda cha mwisho alilia, ila huyo hulia hata kwa supu. La tisa alilila mwenyewe, siku mbili, kwa kisu. Nikamwambia, Tsvetko, weka mbegu umpelekee binti. Akasema, "Mbegu si kitu. Tufaha halirudi kwa mbegu, wewe endesha garimoshi lako."

Sasa anasema niandike neno kwa neno, kwa hiyo naandika neno kwa neno:

"Zlatinka, mwezi wa tatu ukate vichwa vya miche juu ya macho, kama nilivyokuambia. Ikate yote. Usiache hata mmoja kwa sababu yoyote. Kisha umwagilie. Mti ulioshika vizuri hivyo una haki ya kukua. Na ukimaliza, ufunge ule uzi mwekundu na mweupe wa Machi kwenye mche wa kwanza, kama tunavyofanya kwenye mti unaotoa maua, maana kule chini hamna tena pa kuufunga."

Nilimwuliza kwa nini uso wake uko hivyo, habari ni nzuri. Akaniambia niweke nukta.

Haralan, kwa mkono wake, kwa niaba ya Tsvetko

*

Kiwanja cha juu, 25 Agosti 1963

Mjomba wangu Tsvetko, na mzee Haralan utakayesoma kwa sauti,

Nawasalimu nyote wawili. Barua nilizokuandikia Machi na Mei sikuzipatia jibu. Najiambia ni posta. Mama Gana hajambo, amezoea maji ya bomba na anayatukana kila asubuhi. Rangel ni mzima, amepata kazi kwenye ukuta wa bwawa, anarudi na saruji kwenye nyusi, nami namfuta kwa vidole, na bado, mjomba, bado moyo wangu unaruka nikisikia buti zake. Mwezi wa kumi na moja mimi na yeye tutakuwa watatu. Akiwa mvulana ataitwa kwa jina lako. Rangel ndiye aliyesema kwanza, kabla sijafungua mdomo.

Maji yalikuja Aprili. Hayakuja kwa kishindo kama tulivyofikiri. Yalipanda kimya kimya, siku ya kwanza barabara, kisha mawe ya uzio, kisha kisiki cha mtufaha. Niliketi juu huku nikimenya njegere na kutazama. Ilipofika Mei palikuwa na anga tupu pale ambapo bustani yako ilikuwa, na bata wawili.

Macho yalifunguka yote. Kumi na moja. Nilikata vichwa kama ulivyosema, sikuacha hata mmoja, na uzi wa Machi niliufunga kwenye ule wa kwanza. Sasa yamefika kifuani kwangu, yamenyooka, majani yanang'aa. Majirani wanasimama kutazama. Wa nyumba ya tatu ameniomba vijiti avibebeshe kwake, anasema amesikia ni tufaha la Bibi Nedelya, la Januari. Nimemwambia asubiri mwaka mwingine.

Leo tena tunachoma pilipili. Ni chache, za kununua. Vitunguu nimevisuka, ni msuko mmoja tu. Rangel amechimba shimo la kuhifadhia karoti. Jioni nilikwenda kuifungia miche nguzo kabla ya pepo za vuli, kwa uzi ule ule wa sufu, kiasi kilichobaki. Rangel alikuwa hatua chache nyuma yangu, anapiga mluzi, anaponda udongo kwa koleo. Nilikuwa nimefika mche wa nne.

Nilichomwa na mwiba, mjomba. Kidole kile kile.

Rangel akaacha mluzi. "Nini?" akauliza.

Nikamwambia si kitu, ni uzi umenikata. Nikauficha mkono ndani ya aproni mpaka damu ikakatika, kisha nikafunga wa tano.

Wako daima,
Zlatina